Haja ndogo katika safari ya Hija

Pesa zilitimia mwisho wa Novemba 2024. Watoto sita walikuwa wakizichanga kwa miaka tisa: mmoja akiuza karafuu za msimu, mmoja akikata kwenye mshahara wa ualimu, mwingine akituma kutoka Dar es Salaam pale biashara ilipomruhusu. Walikutana nyumbani kwa mama yao, Pujini, kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake, wakakaa kwenye jamvi baada ya sala ya Isha. Mkubwa wao akamwambia kwamba mwakani, Mungu akipenda, ataitika wito wa kwenda Makka.

Mama alinyamaza. Kisha akasema, "Pesa hizo chimbeni kisima."

Walidhani anatania. Mwanamke wa miaka 68, ambaye kila anapomaliza sala huomba aione Kaaba kabla ya kufa, anaambiwa njia imefunguka naye anazungumzia kisima. Kisima chenyewe kilikuwapo, na maji yalikuwa yanatoka.

Kila mtu alijipa sababu yake. Yule wa Dar es Salaam alisema mama anaogopa gharama. Binti wa pili akasema anaogopa kufia ugenini. Lakini iliyokubaliwa na wote, maana haikuhitaji kuulizwa, ilikuwa bahari.

Ni vigumu kumkuta mtu mzima Pemba asiyekumbuka alikuwa wapi alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2011. Idd el Fitr ilikuwa imepita siku chache tu. Watu walikuwa wakirudi makwao kutoka Unguja na Bara, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Meli ya MV Spice Islander ilizama usiku katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kuja Pemba. Meli hiyo ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria wapatao 600, na tume iliyoundwa na serikali baadaye ilisema walikuwamo zaidi ya 2,000. Mdogo wake Mama wa kiume alikuwa mmoja wao. Mwili haukupatikana. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, siku chache kabla ya Ramadhani, MV Skagit nayo ikazama ikitoka Dar es Salaam, karibu na Chumbe. Tangu hapo ikitajwa meli ndani ya nyumba ile, mtu hutazama chini.

Kwa hiyo watoto walielewana. Mama atapandishwa ndege pale uwanja wa Pemba hadi Unguja, na kutoka Unguja ataendelea kwa ndege. Bahari ataiona kutoka juu. Walipomweleza, alitikisa kichwa. "Na huko mnakonipeleka," akauliza, "hakuna msongamano?"

Swali lilikuwa zito. Miezi mitano nyuma, Juni 2024, redio ilikuwa imetoa habari za joto la Makka. Tarehe 17 ya mwezi ule kipimo kwenye Msikiti Mtukufu kilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba watu 1,301 walifariki katika Hija hiyo, na asilimia 83 kati yao walikuwa wameingia bila vibali, hivyo hawakuwa na mahema wala mabasi ya kuwakinga na jua. Kabla ya hapo kulikuwa na Mina, tarehe 24 Septemba 2015, ambako mahujaji walibanana barabarani wakielekea kurusha mawe. Hesabu rasmi ilikuwa zaidi ya watu 700, na hesabu za nchi zilizofiwa zikaenda juu zaidi. Watanzania walikuwamo.

Watu husema "walikanyagwa". Wengi wanaokufa katika msongamano wa aina ile hawakanyagwi. Watu wakifika sita au saba katika eneo la mita moja ya mraba, hakuna tena anayetembea kwa hiari yake. Kundi zima huwa kama maji. Likisukumwa nyuma, mbele huyumba. Kifua kinabanwa mpaka hakiwezi kutanuka, na mtu anakosa pumzi akiwa amesimama wima. Ndiyo maana waokoaji hukuta maiti wasio na jeraha.

Mama hakuwa akiyajua haya kwa hesabu. Alikuwa na sababu yake nyingine, na hakuna aliyeikaribia.

Dada yake mkubwa yuko Muscat tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, alikoolewa, na ni raia wa Oman. Sauti zao husafiri kila siku kwa WhatsApp, moja asubuhi na moja baada ya Magharibi, na nyingine huwa ndefu kama hotuba. Watoto walimwomba Mama Mkubwa awasaidie kumshawishi mdogo wake. Akakubali kwa furaha, maana yeye alihiji mwaka 2010 na hajapata kuchoka kusimulia.

Mwaka 2010 ndio treni ya Mashair ilipoanza kazi, ile inayounganisha Arafa, Muzdalifa na Mina. Njia yake ina kilomita 18 na vituo tisa, vitatu kila mahali, na cha mwisho kiko Jamarat. Inafanya kazi siku chache tu kwa mwaka kisha inalala mpaka Hija nyingine. Treni moja ina mabehewa 12 na inachukua watu wapatao 3,000. Mwaka huo wa kwanza ilikuwa kwa mahujaji wa Saudia yenyewe na wa nchi za Ghuba, ndiyo maana mwanamke wa Kipemba mwenye pasi ya Oman aliipanda wakati jamaa zake wa Pemba walikuwa ndani ya mabasi.

"Mdogo wangu, ukikaa unahesabu mpaka kumi umefika," sauti ya Muscat ilisema. "Baridi ndani kama friji. Kutoka Arafa mpaka Muzdalifa hata tasbihi hukumaliza."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akabonyeza akajibu, na mkaza mwana wake, aliyekuwa akipeta mchele ukumbini, akasikia. "Sawa, Dada. Na kabla ya kupanda mlisimama muda gani?"

Jibu halikuja usiku ule. Lilikuja kesho yake, na lilikuwa juu ya kitu kingine.

Huyu mkaza mwana ni mke wa mtoto wa mwisho, anafundisha shule ya msingi, na ndiye anayeishi na Mama nyumba moja. Mtu anayeishi na mwenziwe huona mambo ambayo wanaokuja Idd hadi Idd hawayaoni. Aliona kwamba kuna vipande vya kanga kuukuu, vilivyokatwa sawasawa, vinafuliwa usiku na kuanikwa nyuma ya banda la kuku ambako jua halifiki vizuri. Aliona kwamba Mama ameacha kwenda kwenye maulidi ya vijiji vya jirani, yeye aliyekuwa akitangulia kwenye gari. Aliona pia kwamba siku ya safari yoyote, hata ya kwenda Chake tu, Mama hanywi chai. Aliona yote na hakuyaunganisha. Aibu ya mama mkwe haichunguliwi.

Januari 2025 kulikuwa na harusi ya mjukuu Unguja. Walikwenda kwa ndege kama walivyokubaliana, lakini kurudi kulikuwa baada ya sikukuu ya Mapinduzi, tiketi za ndege zimekwisha, shule zinafunguliwa, na mkaza mwana lazima awe darasani. Mama mwenyewe ndiye aliyesema wapande meli. Wote walishangaa. Wakati ule hakuna aliyejiuliza: ikiwa anachoogopa ni bahari, mbona ameichagua?

Meli ya usiku ilijaa, kama inavyojaa siku za sikukuu. Watu walitandika mikeka kwenye njia za kupitia, watoto wamelala juu ya mabegi, wengine wamekalia magunia. Kutoka walipokaa hadi chooni ilikuwa lazima kuruka miguu ya watu thelathini, kisha kusimama kwenye foleni ambamo wanaume na wanawake wamechanganyika. Mkaza mwana alitoa chupa ya maji mara tatu. Mara tatu Mama alisema hana kiu. Tangu sala ya Adhuhuri siku ile hakuwa ametia kitu kinywani, na kidonge chake cha presha, kile watu wanachokiita dawa ya kukojoza, alikuwa amekiacha makusudi. Alikaa wima usiku kucha akiwa amebana mapaja, mkoba ameupakata, akisoma uradi.

Mkoani walifika alfajiri. Akashuka ngazi, akapiga hatua kama kumi bandarini, akakaa chini. Midomo ilikuwa mikavu, maneno yanamtoka kwa taabu. Hospitali ya Abdulla Mzee iko palepale Mkoani. Walimtundikia maji, wakampima sukari, wakapima presha, na daktari akauliza swali moja tu: mara ya mwisho amekunywa maji lini? Mkaza mwana alipofungua mkoba kutafuta kitambulisho alivikuta vile vipande vya kanga, vimekunjwa kama leso, kumi na mbili. Vitatu vilikuwa vimeloa na kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Hakusema kitu. Alifunga mkoba.

Siku nne baadaye, nyumbani Pujini, wamekaa wawili tu, ndipo alipoanza. Hakuanza na Mama. Alianza na nafsi yake. Alisema tangu alipojifungua mtoto wa pili, akipiga chafya darasani humtoka matone, na kuna siku alisimama nyuma ya meza kipindi kizima kwa sababu aliogopa watoto wataona. Alisema hata mume wake hajui.

Mama aliendelea kuchambua mchele. Halafu akasema, "Wewe matone, mwanangu. Mimi ni kata nzima."

Likafunguka. Alizaa mara saba, mtoto mmoja akafariki mchanga, na uzazi wa mwisho ulichukua siku mbili. Kwa miaka mingi ilikuwa akikohoa tu. Miaka mitatu hii imekuwa akisikia haja ndogo, basi ana muda wa kutoka ukumbini hadi uani na si zaidi. Sala anazikata kurudia udhu. Maulidi ameyaacha baada ya kuloa mbele ya watu na kusingizia kwamba amemwagikiwa na sharubati. Makka anaitaka kuliko wote wanavyodhani. Lakini ajiloweshe Arafa? Mbele ya Mwenyezi Mungu, katikati ya watu milioni? Au kwenye basi, abiria wenziwe wakiziba pua? "Kufa si kitu," alisema. "Nikifa huko wataninyanyua, watanizika pazuri. Lakini nisifike huko nikanuka."

Inafaa kusimama hapa kidogo. Magazeti na vituo vya redio huhesabu waliokufa kwa joto, na ni sawa wahesabu. Hakuna anayeuliza wangapi kati ya wazee hao, hasa wanawake, walikuwa wamejinyima maji tangu usiku kwa kuogopa foleni ya choo. Mwili wa mzee hauhisi kiu upesi kama wa kijana. Ukimnyima maji kwa makusudi, ukamweka juani katika nyuzi arobaini na kitu, ukamsimamisha saa kadhaa akisubiri usafiri, hakuna haja ya kutafuta sababu nyingine. Jambo hili haliko Makka peke yake. Liko kwenye meli zetu, kwenye mabasi ya kwenda mikoani, kwenye viwanja vya sala ya Idd. Wanaume hushuka wakasimama nyuma ya mti. Mwanamke mtu mzima anabana mpaka afike.

Tena kujinyima maji hakumponyi. Mkojo ukiwa mchache unakuwa mkali, unawasha kibofu, na kibofu kilichowashwa hukimbilia choo zaidi. Juu yake huja maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa mzee yanaweza kuanza kwa kuchanganyikiwa tu bila hata homa.

Walikwenda kliniki Chake Chake wawili, mtoto wa kiume akaambiwa wanakwenda kupima presha, jambo ambalo halikuwa uongo. Waliyekutana naye ni mkunga wa makamo, ambaye hakushtuka wala hakushusha sauti. Hilo peke yake Mama alilisimulia kwa siku mbili. Mkojo ulipimwa, sukari ikaangaliwa tena kwa kuwa kisukari nacho huleta kukojoa ovyo. Mkunga akawaeleza kwamba chini ya kibofu na mfuko wa uzazi kuna misuli iliyotandazwa kama chandarua cha kitanda cha kamba. Uzazi mwingi huilegeza, na umri baada ya kukoma hedhi huidhoofisha. Misuli ikilegea inaweza kufundishwa tena, hata katika umri wa miaka 68.

Zoezi lenyewe ni la kukaa au kulala. Mtu anakaza kama anayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, bila kubana tumbo wala pumzi, anahesabu tano, anaachia, anapumzika, anarudia mara kumi. Mara tatu kwa siku. Baada ya wiki kadhaa anahesabu mpaka kumi. Matunda yake huonekana baada ya miezi mitatu hivi, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, maana wiki ya kwanza haionyeshi kitu. Mama alipata njia yake: alilifunga zoezi kwenye uradi wa baada ya sala. Mkaza mwana naye alilifanya, na baadhi ya jioni walikuwa wamekaa kwenye jamvi wanatazamana, wanakaza, mpaka mmoja anacheka na hesabu inaharibika.

Juu ya hayo mkunga alimfundisha kwenda chooni kwa saa, si kwa dharura: kila saa moja na nusu, kisha kila saa mbili. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa badala ya bilauri tatu kwa mkupuo. Kupunguza chai ya rangi kabla ya safari. Dawa ya presha asiiache mwenyewe. Daktari aliibadilisha saa ya kuinywa, na akamwambia arudi apimwe tena kabla ya safari kwa sababu ya joto la huko. Na pampasi za watu wazima. Mama alikataa neno hilo wiki nzima. Alipokubali alitoa sharti kwamba zinunuliwe Unguja, si Chake, ambako muuza duka ni mtoto wa shoga yake.

Ilibaki dini, na kwake hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa. Tawafu inataka udhu. Mtu asiyezuia mkojo atazunguka vipi Kaaba?

Mkaza mwana alimpeleka kwa mwalimu wa kike wa madrasa, mwanamke anayefundisha wenziwe fiqhi. Mwalimu alisema suala hili liko vitabuni tangu zamani na lina jina lake. Mwenye udhuru wa kudumu anajisafisha, anajifunga vizuri, anatia udhu wakati wa sala ukishaingia, anasali. Kinachomtoka baada ya hapo hakimdhuru. Na tawafu ina nafuu ya namna hiyo hiyo. Akaongeza jambo dogo ambalo familia isingelifikiria: akiwa ndani ya ihramu asitumie pampasi wala tishu zenye manukato.

Kisha akamsimulia Bi Sauda binti Zam'a, mke wa Mtume (S.A.W.). Alikuwa mwanamke mzito wa mwili na mwendo wake wa polepole. Usiku wa Muzdalifa aliomba ruhusa aondoke mapema kabla watu hawajaanza kusukumana, na Mtume akamruhusu. Bi Aisha alibaki mpaka asubuhi akaondoka na watu wote, na baadaye alisema alitamani na yeye angeliomba ruhusa kama ile.

Mama alitaka arudiwe. "Kwa hiyo aliomba mwenyewe?" Mwalimu akasema ndiyo, aliomba mwenyewe.

Usiku ule sauti iliyokwenda Muscat ilikuwa ndefu kuliko zote. Alimweleza dada yake kila kitu, kuanzia vipande vya kanga hadi mkunga. Muscat kulinyamaza mpaka baada ya Isha. Halafu Mama Mkubwa akajibu kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu mlango wa pili.

Ulimuuliza, alisema, walisimama muda gani kabla ya kupanda treni. Walisimama tangu baada ya Magharibi. Safari ilikuwa dakika chache lakini kuifikia treni kulichukua masaa, wakiachiwa kundi kwa kundi kupanda njia ya mteremko inayokwenda jukwaani, mbele watu, nyuma watu, huwezi kutoka kwenda popote. Naye siku ile ya Arafa hakuwa amekunywa maji tangu alfajiri, kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye ile baridi kama friji aliyoisifu, alizimia, na wanawake wa Kiomani walimpepea kwa kanzu zao. Miaka yote kumi na minne alisimulia treni na hakuwahi kusimulia hilo.

"Na wewe, Dada?" Mama alijibu. Ilikuwa ni hilo tu, na kicheko.

Mwisho wa Mei alisafiri, akiwa na chanjo yake ya homa ya uti wa mgongo kwenye cheti, dawa kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye begi kubwa, na mtoto wake wa kiume wa kwanza pamoja naye. Huyo ilibidi aambiwe. Mkaza mwana ndiye aliyemwambia, kwa maneno machache, na yeye aliyapokea akitazama ukutani, kisha akauliza kila kitu anachotakiwa kujua: saa ngapi, mara ngapi, vyoo viko upande gani wa hema. Wanaume wetu hudhaniwa hawawezi mazungumzo haya. Wengi hawajapewa nafasi ya kuyakosea.

Arafa ilikuwa Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025. Mahujaji walitakiwa wabaki kwenye mahema kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na Mama alibaki. Alikunywa maji. Foleni ya choo aliipanga kabla haja haijamwita, akiwa na mwavuli na tasbihi, na siku ile alitia udhu mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu. Kikundi chao kilikuwa cha mabasi. Kutoka Arafa hadi Muzdalifa walikaa garini saa tatu na zaidi, na kwenye saa ya pili pampasi ilifanya kazi yake. Hakuna aliyejua. Jirani yake wa kiti, mwanamke wa makamo wa Unguja, alikuwa ameshikilia chupa iliyojaa bila kuifungua tangu walipopanda. Mama alimtazama muda, kisha akamnong'oneza sikioni. Walichoambiana hakukieleza, ila mwanamke yule alikunywa.

Muzdalifa, usiku ulipopinduka, aliomba ruhusa kwa kiongozi wa kikundi aondoke na wazee. Hakumtuma mtoto wake. Aliomba mwenyewe. Mawe ya siku zilizofuata, jua lilipokuwa kali na miguu imevimba, alimwakilisha mwanawe amrushie.

Treni aliipata baadaye, walipokwenda Madina kwa ile ya mwendo wa kasi ya Haramain, iliyofunguliwa mwaka 2018. Stesheni ilijaa watu na mabegi, lakini kila mtu na kiti chake. Sauti aliyoituma Pujini kutoka humo haikutaja mwendo wa kilomita 300 kwa saa wala milima iliyokuwa inakimbia dirishani. Ilisema kwamba ndani ya treni hii mna choo, kwamba amekwishakwenda mara mbili, na mara ya pili hakuwa na haja, alikwenda kukitazama tu.

Alirudi Pemba kwa meli. Ndege ilikuwapo, akasema maji ya Zamzam ni mazito na watoto wanatia hasara. Pale mkondo wa Nungwi alisimama akamwombea dua mdogo wake, watu wakamwachia nafasi. Alipokwisha aligeuka akauliza choo kiko wapi, akashika bega la mtu wa kwanza aliyekaa njiani na kusema, "Baba, hebu nipishe."

Wageni wa kumpongeza walikuja Pujini kwa wiki mbili. Tende na Zamzam vilikwisha siku ya tano. Wanawake walikaa ukumbini, wanaume barazani, na masimulizi yalikuwa yale yanayosimuliwa na kila hujaji. Lakini mkaza mwana, aliyekuwa akipita na sinia za kahawa, aliona kwamba wanawake watu wazima hawaondoki na wenzao. Mmoja anabaki, anasingizia kusaidia vyombo, anamfuata Mama hadi uani. Kesho yake mwingine. Sanduku la pampasi lililobaki, lililokuwa limefichwa juu ya kabati, siku moja lilikutwa chini, limefunguliwa, na ndani mmebaki mbili.